Wageni Kumi na Mmoja wa Daftari Langu

Sehemu ya sita

Mliniacha Gitega, nimekaa kwenye benchi la ofisi. Bado nimekaa.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Kulthumu, mjane wa marehemu Hamadi aliyekuwa fundi cherehani hapa Muyinga. Watu wananiita Mama Latifa. Nimesoma mpaka darasa la sita. Ninaswali, ninashona mashuka, na ninapangisha chumba cha nyuma.

Chumba hicho alikipanga Raissa, mtoto wa mtaa wa Buyenzi anayesomea udaktari Ubelgiji. Sio udaktari wa sindano, ni wa sheria. Mwanzoni majirani walileta watoto wenye homa, tukawarudisha.

Anachosoma ni hiki: watu wa milimani, ndivyo tunavyoita vijiji vyetu, wakidhulumiwa wanakwenda wapi, wanasema nini, na ni nini wanachokimeza. Alikuja na karatasi yenye muhuri wa provensi, yaani mkoa, wa Muyinga. Miezi miwili baadaye mikoa ikaunganishwa, Muyinga haikuwa provensi tena, na karatasi yake ikawa ya mahali pasipokuwepo. Akatafuta nyingine. Akaambiwa aendelee, ila asikusanye watu. Halafu akaambiwa azungumze na mtu mmoja mmoja, ila asiende milimani kwao. Akasema sawa, basi waje wao kwangu, mchana, kama watu waliokuja kushonesha.

Wakaja. Kumi na mmoja. Wote niliwapa chai.

Wiki iliyopita tukaitwa Gitega kwa habari ya kuongeza muda wa karatasi. Nilimsindikiza kwa sababu mwanangu Latifa ameolewa huko na nilitaka kumwona mjukuu. Mjukuu sikumwona. Nilikaa kwenye benchi.

Karani alikuwa mtu mpole, amevaa sweta. Ningependa niseme alikuwa mkali, hadithi ingekuwa rahisi. Hakuwa mkali.

"Madamu Raissa," akasema akifunua faili, "dosie yako iko vizuri. Inakosa kitu kimoja tu. Liste."

"Liste ya nini?"

"Ya watu uliongea nao. Jina, mlima, namba ya telefone, na kile walisema. Ni formu mpya."

"Siko na liste."

"Umeongea na watu, na hauna liste?"

"Niliwaahidi kwamba majina yao hayatatoka. Kwangu wote ni namba. Namba moja mpaka namba kumi na moja."

"Bon. Namba saba anaitwa nani?"

"Anaitwa namba saba."

Karani akaangalia formu yake, mbele na nyuma. Hapakuwa na mahali pa kuandika namba saba.

"Mi nakuelewa," akasema. "Lakini ahadi haina muhuri. Bila liste siwezi kutia saini. Na bila saini, Ijumaa saa sita mchana kazi yako imefungwa. Miaka mitatu yote hiyo, sasa utaandika nini?"

 Nilimtazama Raissa kidevu. Nimekaa na kidevu hicho miezi minne, nakijua. Kilikuwa kimeshuka mpaka kifuani.

Sasa naomba msomaji aketi.

Nilimhurumia. Mtoto wa mwenzangu anapoteza kazi ya miaka mitatu kwa kukosa kitu ambacho mimi ninacho kabatini. Nikasema:

"Bwana karani, mbona liste iko?"

Raissa akanigeukia polepole.

"Iko wapi, Maman?" karani akauliza.

"Kwangu, Muyinga. Kwenye kaye ya nyumba. Wote kumi na mmoja nimewaandika. Jina, karangamuntu, saa ya kuingia, saa ya kutoka."

Msomaji wa Burundi anaijua kaye ya nyumba. Kwa wa mbali nitaeleza: ni daftari. Kila nyumba ya mjini iwe nalo, wameandikwa wenyeji na wageni na karangamuntu zao, ndivyo vitambulisho, na wakubwa wakija kukagua unalitoa. Mwaka ule wa matata, binamu ya Hamadi alilala kwetu usiku mmoja tukasahau kumwandika. Hamadi akalala kasho, mahabusu ya polisi, siku mbili, kwenye sakafu, na kifua chake hakikupona tena mpaka Mungu alipomchukua. Tangu hapo nikaweka nia. Kila atakayevuka mlango wangu ataandikwa. Malaika wawili wanaandika mabegani, mimi nikawa wa tatu.

Karani alisimama. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Huyu," akamwambia Raissa, "huyu ndiye raia."

Akaandika kwenye dosie kwamba liste iko, iko kwa Kulthumu, mjane, Muyinga, na italetwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Akapiga muhuri. Raissa akamshukuru vizuri, kwa Kifaransa na kwa Kirundi.

Tulipotoka nje akakaa chini kwenye ukingo wa bustani ya ofisi.

"Mama Latifa."

"Ehe, binti yangu."

"Kwenye kaye kuna sehemu ya sababu ya kuja. Pale uliandika nini?"

"Sababu waliyojia."

"Ile yenyewe?"

"Ningeandika ipi?"

Kutoka Gitega mpaka Karuzi hakusema neno. Kutoka Karuzi mpaka Muyinga alisema moja: "Subhanallah."

Nyumbani nilitoa kaye kabatini nikampa. Alianza kusoma amesimama. Baadaye akasoma amekaa. Baadaye akasoma kwa sauti, kama mtu anayetaka masikio nayo yashuhudie.

"'Crispin, mzee wa mlima, mushingantahe, Gashoho. Ameingia saa nne, ametoka saa tano na nusu. Sababu: kusema kwamba shamba la baba yake Gervasi lilipimwa yeye Crispin akiwa amesimama mpakani, kwamba shamba ni la Gervasi, na kwamba hawezi kulisema hilo kortini kwa sababu anamwogopa mkubwa aliyelichukua.'"

Kwa msomaji wa mbali, mushingantahe ni mzee anayeamua magomvi ya mlima. Raissa akanitazama.

"Mama, umeandika mpaka woga wake."

"Alisema mwenyewe. Nilikuwa naongeza chai."

Ukurasa huohuo, mstari wa chini, tarehe ya kesho yake, akasoma: "'Gervasi, mkulima, Gashoho, amerudi kutoka Tanzania. Ameingia saa tatu na robo, ametoka saa sita kasoro kumi. Sababu: kueleza shamba la marehemu baba yake lilivyochukuliwa yeye akiwa kambini, na miaka sita ya kwenda kortini bila shahidi.'"

Akafunga kaye.

"Mi nimefundishwa miaka mitatu namna ya kuficha jina la mtu," akasema.

"Mi nilifundishwa darasa la pili namna ya kuliandika vizuri."

Sikusema kwa kiburi. Nilikuwa natafuta neno, nikapata hilo.

Raissa akacheka. Akaacha kucheka, lakini mabega yakaendelea.

"Sikiliza, Mama," akasema alipojifuta uso. "Hii kaye ikifika Gitega, mi napata karatasi. Narudi Ubelgiji, navaa joho, napigwa picha. Mzee Crispin anabaki Gashoho. Nyumba yake na ya yule mkubwa zinaangaliana mlango kwa mlango."

"Na isipofika?"

"Nimemaliza. Miaka mitatu naiacha hapa."

"Sasa utafanya aje?"

"Sitaipeleka. Lakini kaye si yangu. Ni yako. Na sasa wanajua iko."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Katika dini yetu, ukimkosea Mungu unaomba kwa Mungu. Ukimkosea mja, toba yako inasubiri mpaka umwendee mja mwenyewe. Sheikh alilisema hili mara nyingi na mimi nimelishika. Kwa hiyo Jumanne asubuhi nilijifunga kitenge, nikaiweka kaye ndani ya kitenge, nikaenda Gashoho kuomba radhi. Kaye niliibeba ili kila mtu aone mwenyewe nilichomwandika, asidhani namficha. Raissa sikumwambia. Alikuwa amelala kwa mara ya kwanza tangu Gitega.

Nilianza kwa Mzee Crispin. Hakuwepo, alikwenda kwenye matanga mlima wa pili. Nikaenda kwa Gervasi.

Gervasi na mkewe Kasilda walikuwa wanapiga maharage uani, kwenye kiwanja cha kuazima. Hawa wamekulia Tanzania, Kiswahili chao kimenyooka kama mstari wa rula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini tena? Kasilda, mpe mama kigoda."

"Nimekuandika," nikasema.

"Umeniandika wapi?"

"Kwenye kaye ya nyumba. Siku ile ulipokuja kuzungumza na Raissa. Jina lako na yote uliyosema."

Gervasi akacheka.

"Mama, mimi nimeandikwa tangu sijaota meno. Kambini tuliandikwa kwa mahindi, tukaandikwa kwa ndoo, tukaandikwa kwa chandarua. Siku ya kurudi tuliandikwa mpakani, na kwenye lori wakatuandika tena. Kitu kimoja tu sijawahi kuandikwa nacho. Shamba."

"Na mke," akasema Kasilda bila kuinua kichwa. "Hujaandikwa na mke pia. Tangu mwaka juzi ni kesho tunakwenda komini kuandikisha ndoa, kesho tunakwenda komini."

"Huyu naye. Mama amekuja na mambo yake, wewe unaleta yako."

"Yangu ni ya zamani kuliko yake."

Nilifungua kaye nikampa asome mstari wake. Alisoma kwa kidole, taratibu, midomo ikitembea. Alipomaliza akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikashukuru Mungu. Nikaona radhi imepatikana na jua halijapanda.

Halafu kidole kikapanda mstari wa juu.

Kikakaa hapo.

"Mama," akasema, na sauti haikuwa ile. "Hili la Mzee Crispin. Alilisema kweli?"

Ningeweza kusema sijui.

"Alisema," nikasema.

"Kwa kinywa chake?"

"Na kikombe mkononi."

Gervasi aliweka kaye kwenye magoti.

"Miaka sita," akasema. "Hakimu ananiambia lete shahidi au lete karatasi. Nimemwendea mzee huyu mara saba. Mara saba ananiambia macho yamechoka, hakumbuki. Kumbe anakumbuka."

Kasilda akasimama. Fimbo ya kupigia maharage ilikuwa bado mkononi.

"Ndiye aliyetupokea, kwa urafiki wake na marehemu baba yako," akasema. "Tulipotoka Tanzania nani alitufungulia mlango? Wiki tatu tumelala kwake, watoto wanaharisha kwenye mikeka yake. Gervasi, mrudishie mama kitabu chake."

"Nimesema nini mimi? Nasoma tu."

"Ukisoma mara ya tatu, huko si kusoma tena."

Alinirudishia. Aliifunga kaye kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango mgonjwa asiamke. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanisimamishia pikipiki. Nilipokuwa napanda akauliza, hivi hivi tu:

"Mama, ule ni ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na tisa," nikasema.

Nikiulizwa huwa najibu.

Niliporudi nilimweleza Raissa kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umempa asome mstari wake," akasema.

"Ndiyo."

"Huo tu?"

"Mistari iko karibu karibu."

Raissa akavuta mtandio wake akafunika uso. Akakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Jumatano, baada ya kuswali adhuhuri, akili ilinijia. Nilikwenda kwa Nassoro. Nassoro ni nyumbakumi wetu, yeye ndiye anayekagua kaye za nyumba zetu na kutia saini kila mwisho wa mwezi. Kazi yake nyingine ni kutengeneza baiskeli mbele ya nyumba. Nilimkuta amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu.

"Nassoro, kaye ya nyumba inaandika nani?"

"Anayelala."

"Anayekunywa chai akaondoka?"

"Huyo anaandikwa na tumbo lake."

"Mi nimewaandika wote."

Akashika gurudumu likasimama.

"Wote wa lini?"

"Tangu Hamadi atoke kasho."

"Mama Latifa! Hiyo ni miaka kumi."

"Ni kaye nne. Hii ya nne niliianza alipohamia Raissa."

"Na mi natia saini kila mwezi."

"Ndiyo."

"Bila kusoma."

"Ndiyo."

Akafikiri. Akashusha sauti. "Mi mwenyewe niko mle?"

"Mara nyingi. Sababu: kuomba sukari."

"Astaghafirullah." Akajipangusa grisi mikononi, kidole kimoja kimoja. "Watu mi nawajua wanaovunja sheria kwa nyuma. We umeivunja kwa mbele. Kosa la aina hii, mi sijaambiwa adhabu yake."

Nikamweleza ninachotaka. Kama sheria inasema wanaolala, basi niandike kaye mpya ya wanaolala. Siongezi uongo hata mmoja. Naondoa kilichozidi.

Nassoro ni mtu wa maskhara lakini si mjinga. Hakuniuliza waliozidi ni akina nani.

"Andika," akasema. "Nitatia saini miezi yote minne. Lakini ile ya zamani ichomwe, na mi niko pale naona kwa macho yangu. Nyumba moja kaye mbili, ndipo watu wanaenda kasho. Kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi."

"Na zile tatu zingine, zenye sukari, nazo zichomwe."

Niliandika kaye mpya kati ya alasiri na magharibi. Haikuchukua muda. Katika miezi minne, waliolala kwangu ni Raissa, na Latifa alipokuja na mtoto. Kaye yote, ukitoa jina langu, ikawa mistari mitatu. Niliiangalia nikaona jinsi ilivyo safi, na jinsi nilivyopoteza wino miaka kumi.

Nikawaza la Ijumaa. Karani akija, au akituma mtu, nitamwambia ukweli: nilizidisha, nikajua kosa langu, nimesahihisha kwa sheria. Raissa atakosa saini yake. Hilo sikuwa na dawa yake.

Raissa aliisoma kaye mpya kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama," akasema, "hii ndiyo kazi ya sheria iliyo safi kuliko zote nilizoziona tangu nianze kusoma."

Akaenda kukunja nguo zake.

Alhamisi saa mbili asubuhi Nassoro akafika amevaa shati la Idi. Mbabula, jiko langu la mkaa, ilikuwa uani, makaa yameshika vizuri. Alitia saini mara nne kwenye kaye mpya, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto wa shule. Halafu tukaanza na zile tatu. Ziliungua polepole, kurasa zikijikunja. Nassoro alizisindikiza kwa macho.

"Sukari yote hiyo," akasema.

Ikabaki ya nne. Raissa ndiye aliyekuwa ameishika. Alimpa Nassoro, na Nassoro akaisogeza juu ya makaa.

"Hodi!"

Alikuwa Gervasi, na baiskeli, amevaa koti. Aliona moshi kabla hajatuona sisi. Baiskeli akaiacha ianguke.

"Mama, msichome. Tafadhali."

"Gervasi, shida gani?"

Akatoa karatasi ndani ya koti, imewekwa kwenye plastiki. Ilikuwa na muhuri. Nikasoma. Korti inamwita Kulthumu, mjane wa Hamadi, Jumanne ijayo saa mbili asubuhi, aje na daftari lake la nyumba, ukurasa wa kumi na tisa.

Jina langu lilikuwa limeandikwa vizuri sana.

"Nilikwenda jana kwa karani wa korti," Gervasi akasema. "Nikamwambia karatasi mliyoitaka miaka sita imepatikana."

"Na Mzee Crispin?" Raissa akauliza.

"Naye ameitwa. Nilimpelekea mwenyewe jana jioni."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alikaa chini."

Raissa alimsogelea. Ni mdogo wa mwili, lakini Gervasi alirudi nyuma hatua moja.

"Gervasi, mi nilimwahidi. Nilimwahidi yeye kama nilivyokuahidi wewe."

"Wewe ulimwahidi, dada. Mimi sikumwahidi mtu. Na mimi sikukuomba unifiche. Ulinipa namba, nikanyamaza kwa heshima tu. Namba hailimi."

"Na Kasilda anasema nini?"

Hapo Gervasi akatazama baiskeli yake.

"Kasilda hajasema neno tangu jana," akasema. "Amelala kwa jirani."

Nassoro alikuwa bado ameishika kaye juu ya mbabula. Mkono ulianza kuhisi moto, akaubadilisha.

"Mi nilikuja kuona kaye inaungua," akasema. "Korti mi sikuitwa. Chaneni huo ukurasa mmoja, mpeni, tuchome zingine, nirudi kwenye baiskeli zangu."

"Mzee Crispin yuko kwenye huo huo ukurasa," Raissa akasema.

"Basi mi sina maoni."

"Mama," Gervasi akaniambia mimi, na sauti ilikuwa ya mtoto sasa. "Ukichoma hicho, umechoma mpaka wa shamba la baba yangu. Hakuna mahali pengine ulipoandikwa. Nimetafuta."

"Na usipochoma, Mama," Raissa akasema, "Jumanne watamsimamisha mzee mbele ya yule mkubwa, wamsomee woga wake kwa sauti."

Wote walinitazama. Miaka kumi nimeandika ili mtu asilale kasho kwa ajili yangu. Nilisoma Fatiha kimya, ipate kunipa muda.

Pikipiki ikasimama nje ya geti.

Hakupiga hodi. Aliingia taratibu, ameshika fimbo yake ya ushingantahe, vumbi la barabara limemjaa kwenye nyusi. Mzee Crispin. Kwa umri wake sikujua kama bado anapanda pikipiki.

"Amahoro," akasema.

"Amahoro, mzee," tukajibu.

Gervasi aliinamisha kichwa. Mzee alipita mbele yake bila kumtazama, akamtazama Raissa kidogo, akaja mpaka kwangu. Nikaanguka magoti.

"Mzee, Jumanne nilikuja Gashoho kukuomba radhi, sikukukuta. Mimi ndiye niliyekuandika. Hawa hawana kosa. Ni mkono wangu."

"Radhi baadaye," akasema. Kiswahili chake ni kidogo, anakitoa neno kwa neno. "Inuka, mama. Kaye iko wapi?"

Nassoro akamnyooshea haraka sana. Mzee hakuipokea.

"Mi siko najua kusoma," akasema. "Watu wanasema mle ndani iko maneno yangu. Jana huyu aliniletea karatasi, nikakaa chini, nikawaza: maneno gani? Mi nilisema mengi siku ile. Nisomee, mama. Vile vile uliandika. Usipunguze."

"Mzee," Raissa akasema kwa Kirundi, "hulazimiki. Tunaweza kuichoma sasa hivi, uone kwa macho yako."

"Nimesikia, mwanangu. Nataka kwanza kusikia ile inachomwa."

Nassoro alinipa kaye. Ilikuwa ya moto. Nikafungua ukurasa wa kumi na tisa. Gervasi aliinua kichwa.

Nikasoma. Jina lake, mlima wake, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Nikasoma kwamba shamba lilipimwa yeye akiwa amesimama mpakani. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikasoma kwamba shamba ni la Gervasi. Akaitikia tena, na Gervasi akaziba mdomo kwa mkono.

Nikasoma: "Na kwamba hawezi kulisema hilo kortini kwa sababu..."

Nikanyamaza. Macho yangu yalikuwa yameshaona neno linalofuata, na mbele yangu alisimama mzee wa watu, fimbo mkononi, na mtoto wa rafiki yake nyuma yake.

"Endelea," akasema Mzee Crispin.